Msiba wa Mjomba Asiyekuwepo

Sogeeni. Sogeeni hapa karibu na mafiga. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, usisimame katikati kama mlango wa pili. Mwenye kikohozi akohoe sasa akimalize. Mwenye njaa alambe vidole vyake, vitamfikisha mwisho. Haya, kimya. Atakayecheka kabla ya wakati wake nitajua ana undugu na Sungura.

Mwaka ule mvua ilisahau njia ya kuja Bonde la Ngokoro. Haikuchelewa, ilisahau. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa vumbi, na vumbi likaingia vinywani mwa watu ambao hawakuwa na kitu kingine cha kutafuna. Twiga alimaliza majani ya juu akaanza kuyatazama mawingu kwa jicho baya. Simba, mfalme, alikonda hata watu wakawa wanamhesabu mbavu akipita. Lakini walimhesabu akishapita, maana ana kwa ana alitaka aambiwe amenenepa.

Kilichowaokoa kilikuwa chungu. Kilikuwa chungu cheusi cha Bibi Kakakuona, mganga, aliyekaa kwenye pango chini ya mlima. Hakikutaka kuni wala maji. Bibi alikifunika kwa kawa, akainama, akakinong'oneza chakula kile ni cha nini: "Ni cha njaa ya watu wa bonde." Basi kikachemka chenyewe, na kila mtu akakuta ndani ya upawa kile anachokula kwao. Kila alasiri walipanga mstari. Tembo upawa mmoja, Panya upawa mmoja.

Chungu kilikuwa na sharti moja tu, kisidanganywe. Kikiambiwa kinapika cha harusi, lazima mtu aoe siku hiyo hiyo. Zamani Nguchiro alikiambia hivyo kwa mzaha, na kabla jua halijazama alikuwa na wake watatu. Hadi leo hajui waliingilia mlango gani.

Sasa, upawa mmoja ulimtosha Sungura kabisa, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Tumbo lake lilikuwa dogo kama kifuu, akishiba mapema kuliko wote. Kilichomuuma si njaa. Kilimuuma kusimama nyuma ya Kiboko jua la alasiri, akimnusa Kiboko, akingoja zamu yake kama mtu asiye na akili, wakati akili zote za bonde alizichukua yeye na wengine wakabaki na pembe na mikia. Chungu kile kingekuwa chake, Simba ndiye angepanga mstari. Wazo hilo lilimshibisha kuliko chakula.

Shida ilikuwa moja. Usiku na mchana, ukiacha saa ya kugawa, Bibi Kakakuona alilala amejikunja kukizunguka chungu, akajifunga kama fundo la kamba mbichi. Hata Simba alishawahi kujaribu kumfungua, akasema hadharani kwamba hakutaka kitu, alikuwa anamsalimia tu.

Sungura akafikiri siku tatu, na siku ya tatu akacheka peke yake.

Maana Ngokoro kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeivunja, hata kwa adui. Nyumba yenye msiba haiwashi moto. Jiko la mfiwa hulala siku tatu, na majirani ndio wanaobeba vyungu vyao kumpelekea. Chungu kikishaingia msibani hakitoki mpaka matanga yaishe. Na anayeunyima msiba chungu chake, siku yake ikifika atazikwa na nzi.

Sungura akaenda kwa Fisi.

"Kaka Fisi, unaweza kulala kimya?"

"Kulala naweza. Kimya inategemea kuna nini pembeni."

"Unaweza kufa?"

Fisi akafikiri kidogo. "Kuna chakula?"

"Chungu kizima."

"Basi naweza kufa hata sasa hivi."

"Subiri kesho. Sikiliza. Utakuwa mjomba wangu. Umetoka mbali kuja kunitembelea, umefika, umekata roho. Nitakuvingirisha kwenye mkeka. Bibi ataleta chungu. Watakubeba mpaka kaburini, na wakikushusha tu, unainuka, unapiga ukelele. Watakimbia wote. Wewe unarudi nyumbani tunagawana."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nyumbani. Nalinda fungu lako."

Fisi akamshika mikono yote miwili akamwita ndugu wa tumbo moja. Sungura akamwitikia, huku moyoni ameshachagua njia ya kuvukia mlima, yeye na chungu kichwani, bila ndugu wa tumbo lolote.

"Lakini kaka," akasema Fisi, "lile sharti? Si wanasema hakidanganywi?"

"Maneno ya vikongwe ya kuwatisha watoto wasiguse vyombo. Na hata kama ni kweli, nimeshafikiria. Huyo mjomba nitakayemtaja hayupo duniani. Chungu kikimtafuta, kitatafuta mpaka kichoke."

Asubuhi yake Sungura alijipaka pilipili machoni, akapitiliza kidogo, akafika pangoni anaona nusu.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Macho yamekuwaje?"

"Mjomba, Bibi. Mjomba Kidundwa. Ametutoka."

Bibi Kakakuona akajikunjua taratibu. "Siku zote hizi sijasikia kwamba una mjomba."

"Ndiyo maana inauma, Bibi. Hakuna aliyemjua ila mimi."

"Amekufa kweli?"

"Amekufa sana, Bibi."

Bibi akamtazama kitambo. Alikuwa na namna ya kutazama mtu mpaka mtu akajikumbuka. "Sawa. Siwezi kuunyima msiba chungu. Ila wewe ndiwe mfiwa, wewe ndiwe utakayekiambia jina, maana mimi simjui. Na ujue kitu kimoja. Kikipika cha msiba, kabla jua halijazama mtu awe ameingia ardhini. Hapo sina la kufanya. Mimi hukibeba tu, sikiamrishi."

"Ataingia, Bibi. Muhanga ameshaanza kuchimba."

Bibi akakitwaa chungu chake akamfuata.

Nyumbani kwa Sungura kilio kilikuwa kimepamba moto. Bi Kanga, ambaye alilia kwenye kila msiba hata usiomhusu, alikuwa ameshika kichwa, anazunguka uani. Ndani alilazwa marehemu amevingirishwa kwenye mkeka, na mkeka haukumtosha. Miguu ilibaki nje.

Bi Kanga akakatiza kilio. "Sungura, mbona mjomba wako ana makucha?"

"Alikuwa mkulima."

"Na ukubwa wote huu?"

"Upande wa mama ni wakubwa. Mimi nimefuata kwa baba."

"Na harufu hii?"

"Bi Kanga, umekuja kulia au kukagua?"

Bi Kanga akarudi kwenye kilio chake, lakini pua ilibaki pale pale. Mara tumbo la marehemu likanguruma, ngurumo ndefu iliyoanzia chini ikapanda juu ikashuka tena. Watu wakatazamana.

"Roho yake ilikuwa nzito," akasema Sungura. "Inatoka kwa mafungu."

Chungu kikawekwa katikati ya uani. Sungura akapiga magoti, akafunua kawa kidogo, akanong'ona: "Ni cha msiba wa mjomba wangu Kidundwa."

Kwa kawaida chungu kilichemka pale pale. Siku ile kilinyamaza, kama mtu aliyeulizwa jambo akawa anakumbuka. Halafu mvuke ukatoka, na haukwenda juu. Ulitambaa. Ukaingia ndani, ukauinamia mkeka, ukainusa miguu ya Fisi, ukaiacha. Ukazunguka uani mtu kwa mtu. Mwisho ukaja ukasimama kwenye shingo ya Sungura, na ulikuwa wa baridi. Ni mvuke wa chunguni, lakini ulikuwa wa baridi.

Upepo huo, Sungura akajiambia. Chungu kikaanza kutokota, chakula kikawa tayari, na watu wakasahau yote kwa njaa.

Ndipo Simba akafika. Alichelewa makusudi, ili watu wasimame. Alipewa upawa wake, akapata paja la nyama lenye mfupa, akala nusu, akasimama kwenye kizingiti cha mlango, mkono mmoja kifuani na mwingine umeshika paja.

"Sisi," akasema, maana alikuwa mmoja lakini alijihesabu wengi, "tulimfahamu sana marehemu."

Sungura akauma mdomo asicheke.

"Alikuwa mtu wetu wa karibu. Mara nyingi alitushauri, tukamkatalia, na mara zote ilionekana sisi ndio tulikuwa sahihi."

"Mara zote!" wakalia watu.

"Alipenda sana sura yetu. Alikuwa akisema..." Hapo akatupa mkono kwa msisitizo, na mfupa ukamponyoka, ukaangukia ndani, pembeni ya mkeka. Ulimi ukatoka kwenye mkeka, mrefu, haraka, ukauzoa mfupa. Kikasikika kishindo cha meno.

"Marehemu anatafuna!" akapiga yowe Bi Kanga.

Simba alichukia kukatizwa kuliko kitu chochote. "Maneno yetu yamemgusa," akasema. "Si mara ya kwanza."

Na kwa kuwa mfalme ameshasema, hakuna aliyethubutu kusema ameona kitu kingine. Marehemu akatafuna mpaka akamaliza, hotuba nayo ikaisha, wakamnyanyua kwenye kitanda cha kamba.

Bibi Kakakuona akageuka. "Mfiwa haendi kuzika?"

"Miguu imekufa ganzi kwa majonzi, Bibi. Nitamlilia hapa hapa."

"Haya. Kaa na chungu basi."

Walipopotelea nyuma ya vichaka, majonzi yakaiacha miguu mara moja. Sungura akasokota ngata ya majani, akaiweka kichwani, akajitwika chungu. Kilikuwa chepesi kama kibuyu kikavu. Akatokea nyuma ya nyumba, akaishika njia ya mlimani, anapiga mluzi. Alijiona ameketi upande wa pili, upawa mkononi, mstari umefika hadi chini. Alimwona Simba mwisho wa mstari. La, alimtoa mwisho akamweka wa pili kutoka mwisho, nyuma ya Kiboko, ili anuse.

Alipofika kwenye mwinuko chungu kikaanza kuwa kizito. Akasema atakitua apumzike. Akakishika masikio, akavuta. Hakikutoka. Akavuta tena, kikashuka: kikameza ngata, kikafika kwenye paji la uso, kikafunika macho, pua, mpaka mabegani. Humo ndani kukawa giza, na katika giza lile ikatoka sauti, na sauti ilikuwa yake mwenyewe Sungura.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mjomba Kidundwa. Chakula chake kimeliwa, watu wamemlilia. Nimemtafuta ndani, nimemtafuta nje. Yuko wapi?"

"Hayupo! Nilikuwa natania!"

"Nimepika cha mtu. Nataka mtu."

Sungura hakusita hata kidogo. "Mchukue Fisi! Ameshalazwa kaburini, ameshavingirishwa, huna kazi tena! Mchukue, hatasumbua!"

"Fisi sikuambiwa. Mimi niliambiwa Kidundwa. Huyo Kidundwa, ni nani mwingine anamjua?"

"Hakuna."

"Ameishi wapi siku zote?"

Akili ya Sungura ililiona jibu kabla mdomo haujalisema, na kwa mara ya kwanza alitamani angekuwa mjinga.

"Kichwani mwako," chungu kikasema. "Basi nimeshamkuta."

Miguu yake ikageuka. Yeye hakuigeuza. Ikaanza kushuka mlima hatua kwa hatua, mmoja mmoja, mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza.

Huko kaburini, Fisi alikuwa ameshushwa shimoni. Hapo ndipo alipotakiwa kuinuka apige ukelele. Lakini Simba alianza hotuba ya pili, Fisi akasinzia kama watu wengine wote. Kilichomwamsha ni Muhanga, mchimbaji, aliyesema, "Tufanye upesi tufukie, turudi tukamalizie kile kilichobaki chunguni."

"Msiguse fungu langu!" akanguruma marehemu, akasimama na mkeka mwilini.

Ngokoro nzima ikatimua mbio. Simba alitangulia mbele ya wote, na baadaye alieleza kwamba alikuwa anawaongoza. Fisi naye akakimbilia kwa Sungura, mkeka unapepea nyuma. Alikuta uani kweupe. Hapakuwa na chungu wala ndugu wa tumbo moja. Akakaa chini akalia, na safari hiyo kilio kilikuwa cha kweli, hata Bi Kanga aliyejificha nyuma ya kinu akakisifu.

"Alisema atalinda fungu langu," Fisi akawaambia waliokusanyika mmoja mmoja. Kwa uchungu wa tumbo akamwaga yote, mjomba, mkeka, na mpango mzima. Bibi Kakakuona hakungoja amalize. Aliangalia jua, akashika njia ya kaburini, na watu wakamfuata.

Walikuta chungu kimekaa ukingoni, kimetulia, safi kama kimeoshwa. Ndani ya shimo alikuwamo Sungura, udongo umemfika shingoni. Jembe lilikuwa limelala pale pale Muhanga alipolitupa. Hakuna mkono uliokuwa umefukia.

"Nitoeni!" akapiga kelele. "Bibi, nitoe! Nimekosa! Nimekoma!"

Bibi Kakakuona akainama ukingoni. Hakucheka. "Mnaweza kumtoa," akawaambia watu. "Sikatazi. Lakini chungu kimeshapika, lazima mtu awe ardhini, na jua limebaki kidole kimoja. Akitoka huyu, nani anaingia?"

Watu wakaanza kutazama miguu yao.

"Mimi sitoshi," akasema Tembo.

"Nikiingia mimi, atalia nani?" akasema Bi Kanga.

"Mimi nachimba tu," akasema Muhanga. "Kuingia si kazi yangu."

"Sisi tungeingia," akasema Simba, "tena kwa furaha. Lakini hotuba ya kutuzika sisi ni ndefu, na muda hautoshi."

Fisi akachungulia shimoni. "Kuna chakula humo?"

"Hakuna," akasema Bibi.

"Basi."

"Lakini mimi ni mzima!" Sungura akalia. "Mnaniona! Nazungumza! Maiti gani anazungumza? Kaka Fisi, ndugu yangu!"

Halafu Simba, kwa mara ya kwanza tangu aanze kutawala, akafaa kitu. Akageuka taratibu akauliza, "Kuna mtu amesikia kitu?"

Muhanga akaelewa kwanza. "Upepo," akasema.

"Upepo," akasema Bi Kanga, akajifunga vizuri.

"Upepo mkali," akasema Fisi, "tena una kelele."

Maana atakayemjibu atakuwa amemhesabu mzima, na akihesabiwa mzima chungu kitauliza tena. Kwa hiyo hakuna aliyemjibu. Waliketi pembeni ya shimo wakamlilia vizuri, Fisi akiwa mfiwa mkuu, wakitaja wema wake, na pale walipokosa wema wakataja masikio. Jua likazama. Chungu kikashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, kikachemka chenyewe bila kunong'onezwa, na kila mtu akapata upawa mmoja. Sungura alisikia kila upawa ukigonga ukingo wa chungu. Wa kwake haukugonga.

Ilimchukua siku mbili kujifukua. Alitoka mwembamba, udongo masikioni, akaenda moja kwa moja kwa yule ambaye yeye mwenyewe alijua hatamkatalia salamu.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi Kakakuona hakuwa amewahi kuiacha salamu ya mtoto hata siku moja maishani mwake. Midomo yake ilitikisika, akalikumbuka swali la chungu. Akageuza uso, akajikunja, akafunga fundo.

Sungura akasema tena, kwa sauti ya chini, "Shikamoo." Akangoja. Kisha akaenda nyumbani kwake, akakuta watu wamejaa uani, maana ilikuwa siku ya tatu, siku ya kumaliza matanga na kugawa mirathi ya marehemu.

Kigoda alichukua Simba. Hakiwezi hata kubeba mkia wake, ila hakutaka kuona mtu mwingine amekikalia. Mkeka alichukua Bi Kanga, akaufua mara saba, na ule uvundo wa Fisi unao mpaka kesho. Kinu na mchi alipewa Muhanga kwa kazi ya kuchimba. Nyumba alirithi Fisi, kwa kuwa ndiye mfiwa mkuu: aliingia kichwa na kifua, akakwama mlangoni, na kwa kukaa miaka nusu ndani nusu nje kiuno chake kililegea, na hivyo ndivyo wanavyotembea wajukuu zake wote. Bibi Kakakuona, aliyekuja mwisho kutoka pangoni, hakuchukua kitu, alibeba chungu chake akaenda. Na Sungura, aliyekuwa amesimama katikati yao akipiga kelele kwamba kigoda kile ni cha kwake, alirithi shimo.